Pikipiki ya Kwenda Kalambo

Jumapili, 2 Machi

Mvua ilianza tukiwa bado kanisani na haijakatika mpaka sasa, saa kumi na moja jioni. Jotham alikuja baada ya chakula, viatu mkononi, simu ameifunga kwenye mfuko wa nailoni. Ana duka la simu kule Bulyaga, na tumekaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Ndani ya simu hiyo kuna picha sitini za pikipiki. Tumezitazama zote.

Tumekubaliana. Jumamosi ya tarehe 7 Juni, mvua zikiwa zimeisha, tunaondoka. Tunduma, Sumbawanga, Matai, mpaka maporomoko ya Kalambo. Tumeisema safari hii tangu tukiwa vijana, kila tulipowaona Wazungu wakipanda kutoka mpakani Kasumulu na pikipiki zenye masanduku ubavuni, matope mpaka kwenye helmeti, wakinunua ndizi na kupotea kuelekea Mbeya. Mwaka huu nimetimiza miaka arobaini na minne. Daftari hili nimelinunua ili niandike kila kitu, kuanzia kuchagua pikipiki.

Mke wangu Tusekile aliuliza swali moja tu. "Huko Kalambo kuna nani?"

Nikamwambia hakuna mtu. Akarudi kwenye cherehani yake.

5 Machi

Mvua. Ofisini watu watatu wameniuliza nani amefariki Sumbawanga.

9 Machi

Niliandike hili mara moja, lisinisumbue tena.

Mimi ni afisa ugani. Kwa miaka kumi na miwili nimezunguka mashamba ya chai na migomba kwa pikipiki ya ofisi, Kisiba na kwingineko, kiangazi na masika. Miaka miwili iliyopita nilianguka kutoka kwenye mparachichi wangu mwenyewe, nikimchumia mgeni matunda. Kifundo cha mguu wa kushoto kimefungwa chuma na hakikunjiki. Natembea. Nachechemea kidogo kwenye mteremko. Ila gia ya pikipiki iko mguu huohuo. Kushusha gia unakandamiza kwa vidole. Kuipandisha unaingiza vidole chini ya kikanyagio, unakiinua. Kukandamiza naweza. Kuinua siwezi, labda niinue mguu mzima kuanzia gotini kama mtu anayekanyaga nyasi ndefu.

Pikipiki ya ofisi niliirudisha mwenyewe kabla hawajaniuliza. Wakanipa meza. Tangu siku hiyo sijapanda pikipiki isipokuwa kwa kukaa nyuma ya bodaboda.

Jotham anajua nilivunjika na nikapona. Habari ya kuinua sijamwambia.

Jumamosi, 15 Machi

Mbeya, kuiona ile pikipiki nyekundu ya kwenye picha. Ni kubwa, ya Kijapani, iliachwa na msafiri Mholanzi aliyeishiwa na likizo. Jotham aliizunguka kama anayekagua ng'ombe wa mahari. Mwenye nayo akaniambia, "Panda, mzee, uisikie."

Nilipanda. Kiti kiko juu. Mguu wa kulia ulifika chini kwa vidole. Wa kushoto hauwezi kusimama kwa vidole, kwa hiyo haukufika kabisa. Pikipiki ikaanza kulala upande wa kushoto, polepole, nami nikiwa juu yake sina la kufanya. Waliidaka wawili. Mwenye nayo akasema "pole, mzee" mara tatu. Ana kama miaka arobaini na yeye.

Jotham akaizungusha uwanjani na kurudi anang'aa. "Hii inabeba wawili na mizigo kama haijabeba kitu," alisema.

Nikamwambia ni nzito mno kwa barabara ya vumbi. Akanitazama kidogo, kisha akasema tutaona.

19 Machi

Mvua. Barabara ya nyuma ya nyumba imekuwa mto. Jotham ametuma picha kumi na moja, zote za mapikipiki makubwa. Nimemwandikia kwamba tutafute mbili za aina moja, ndogo, ili spea ziwe moja. Amejibu: "Tuanze na moja kwanza."

Jumamosi, 29 Machi

Leo nimemsingizia mtu.

Tulikwenda Kiwira kwa mwalimu anayeuza pikipiki ya Kichina, ya wastani, tairi za kokoto, inayofaa kabisa. Kiti kiliniruhusu. Nikaiwasha, nikaingiza gia ya kwanza, nikaondoka, na kwa mita mia hivi nilikuwa mtu mwenye furaha. Kisha ikabidi nipandishe. Nikaingiza kiatu chini ya kikanyagio, nikainua goti. Kiatu kikachomoka. Nikarudia. Kikakwama, nikayumba mpaka ukingoni kwenye mfereji. Nilirudi kwa gia ya kwanza njia nzima, injini inalia, mwalimu na Jotham wamesimama barabarani wananisubiri.

"Vipi?" Jotham aliuliza.

"Injini inagonga," nikasema.

"Injini haigongi," mwalimu alisema. "Nimeifungua na kuifunga kwa mikono yangu."

"Inagonga," nikarudia. Mwalimu akachukua kitambaa na kuanza kulifuta tangi ambalo halikuwa na uchafu.

Njiani kurudi Jotham hakuuliza kitu. Nilitamani aulize, na nilijua angeuliza ningemjibu vibaya.

6 Aprili

Mvua. Tusekile ameniuliza kama bado naendelea na habari ya pikipiki. Nimesema ndiyo.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilikwenda peke yangu kwa mzee Ambindwile, fundi wa pikipiki pale Ibighi. Ni mzee wa maneno machache, na Kiswahili chake kina Kinyakyusa ndani kila anapochoka, yaani muda mwingi. Alikuwa ametengeneza bodaboda ya mtu. Nikaona kikanyagio chake cha gia ni kirefu, kina sehemu mbili, ya mbele kwa vidole na ya nyuma kwa kisigino. Bodaboda nyingi ziko hivyo. Nimezitazama miaka yote bila kuziona.

Nikaiomba. Nikazunguka nayo mpaka Bulyaga na kurudi. Gia ya pili, ya tatu, ya nne, zote kwa kisigino, napiga chini tu. Manyunyu yananipiga usoni. Nilipoirudisha, mzee aliniangalia mguu, akaniangalia uso, akasema, "Ee," akaendelea na kazi yake.

Nilipita dukani kwa Jotham kumwambia nimepata aina ninayoitaka. Alicheka. "Hiyo ni ya kubebea magunia ya viazi, Ackson. Kalambo utafika mwakani."

Niliondoka bila kuaga.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani, ndugu bado wako sebuleni.

Tulimwalika Jotham na familia yake. Walikuwepo pia shemeji zangu na binti yetu Tulia, aliyerudi kutoka chuoni Mbeya. Ndizi, nyama, wali. Katikati ya chakula Jotham akasimama, akagonga glasi kwa kijiko. Ametangaza kwamba ile nyekundu ya Mbeya ameinunua. Ameshailipia, inakuja mwezi ujao. Watu wakapiga makofi. Mimi nikauliza, kwa upole kabisa, na mimi nitapanda nini.

"Si hiyohiyo," alisema. "Mimi naendesha, wewe unakaa nyuma na kamera. Kile kiti cha nyuma ni kama sofa."

Watu wakacheka vizuri, si kwa ubaya. Mimi nilikuwa nimeshika kipande cha ndizi.

"Kwa hiyo miezi hii yote," nikasema, "kila pikipiki tuliyokwenda kuangalia, ulikuwa unanichagulia kiti."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi?"

"Nilikuona kule Mbeya, Ackson. Nilikuona Kiwira. Injini ile haikuwa inagonga. Sikutaka kukuaibisha." Alipaswa kuishia hapo. Lakini makofi yalikuwa yamempa ujasiri, akaongeza, "Hata shemeji aliniomba. Aliniomba tangu Februari nisikuache uendeshe."

Sebule nzima ikamgeukia Tusekile. Yeye aliinuka, akaanza kukusanya sahani ambazo watu walikuwa hawajamaliza.

Februari. Kabla ya zile picha sitini. Kabla sijanunua daftari hili.

Nilimwambia Jotham aipeleke sofa yake Kalambo, nikaingia huku. Nasikia Tulia anawagawia watu soda.

22 Aprili

Nimemwuliza Tusekile. Alikuwa anashona sketi za shule, hakusimamisha cherehani.

"Ni wewe uliyemwambia Jotham?"

"Ni mimi."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ningekuambia ungesikia?" Cherehani ikasimama. "Wewe unaukumbuka ule mparachichi. Mimi naukumbuka mlio. Nilikuwa naanika nguo, nikasikia kitu kama kuni kavu ikivunjika, nikajua si kuni. Wiki tisa nimekubeba kukupeleka chooni, baba Tulia. Sijawahi kulalamika, na wala silalamiki sasa. Lakini ule mlio sitaki kuusikia tena kwa kupigiwa simu kutoka Sumbawanga."

Nilikasirika. Nikamwambia angeweza kuniacha nijichagulie hata hofu yangu. Akasema hofu si yangu peke yangu. Akakanyaga cherehani.

25 Aprili

Mvua. Hatuongei sana.

28 Aprili

Mvua. Udongo umeporomoka nyuma ya ofisi, tumehamisha meza. Nimemfokea mkulima aliyekuja kuuliza habari za miche. Nilimfuata nje kumwomba radhi, nikakuta ameshaondoka.

Jumamosi, 3 Mei

Nilimwambia mzee Ambindwile ukweli wote. Ni mtu wa kwanza kuusikia kutoka kinywani mwangu: kifundo, chuma, kuinua. Alisikiliza huku anapanga spana. Kisha akanipeleka nyuma ya banda lake, akatoa turubai.

Chini yake kulikuwa na pikipiki ya zamani ya mradi wa maziwa uliokwisha. Rangi imepauka. Ina keria nyuma na nyingine mbele juu ya taa, stendi pande zote mbili, cheni imefunikwa, kiti kifupi cha chini. Niliijua papo hapo. Ya aina hii nimeendesha miaka minne ya mwanzo ya kazi. Haikimbii, lakini inapanda popote penye njia ya mbuzi.

Miguu yote miwili ilifika chini, nyayo nzima.

Kikanyagio chake ni cha vidole tu. Tulipopatana bei, mzee akasema ataunga mkono wa nyuma, wa kisigino. "Wiki moja, mwanangu."

Jumamosi, 10 Mei

Ameunga. Mkono unateleza kwenye meno yake, ukipiga kisigino unazunguka bure. Wiki nyingine. Nimerudi kwa miguu, nimelowa.

Jumamosi, 17 Mei

Asubuhi palikuwa na jua, nikaichukua kwa majaribio mpaka Kisiba. Mteremko wa kwenda ulikuwa mzuri. Nikafika, nikageuza, nikaanza kupanda, na mawingu yakashuka. Kwenye kona kali nilipiga kisigino kuingiza ya tatu, mkono ukakatika kwenye kiungo na kulia chini kama kijiko. Injini ikazima. Sikuweza kuirudisha gia chini kwa sababu ule mkono ulipokatika ulikipinda na kikanyagio chote. Mvua ikamwagika.

Nikasukuma. Naandika hivyo kama kitu kidogo. Kwa mguu usiokunjika, kwenye kilima, matope mekundu, unasukuma hatua tatu na kurudi moja. Simu ilikuwa imelowa, haiwaki. Mama mmoja mwenye kikapu akasema pole. Mzee mmoja akasema pole. Bodaboda mmoja akasimama na kuniuliza kama nawahi msibani, na hapo nilimjibu neno ambalo afisa wa serikali hatakiwi kumjibu mtu.

Nilikuwa nimekaa kwenye ukingo, nimeshaamua kuiacha palepale na safari yenyewe, bodaboda mwingine aliposimama na Tusekile akashuka. Mteja wake alikuwa amenipita barabarani, akaenda kumwambia, mumeo anasukuma pikipiki Kisiba. Alikuja na futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni. Akamruhusu bodaboda aondoke. Nikasubiri aseme. Yeye akavua viatu, akavitia kwenye keria, akaenda nyuma na kuanza kusukuma.

Tulifika pa tambarare. Akasema, "Panda."

"Haiendi."

"Naona haiendi. Iweke kwenye stendi, panda, weka mguu nione."

Niliweka. Aliinama kwenye matope, akakitazama kiatu changu na kile kipande kilichobaki kwa muda mrefu.

"Nani alipima hapa?"

"Mzee Ambindwile."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa macho."

"Mimi hata suruali ya mtoto sikati kwa macho," alisema. Akavuta futi shingoni. Alipima kutoka kisiginoni mpaka kwenye vidole. Akapima kutoka kiatuni mpaka kwenye chuma. Akaniambia ninyanyue mguu nilivyozoea kunyanyua, akapima na hapo. Ndipo akaona: kisigino changu kilikuwa kinaifikia ncha ya mkono ule kwa shida, ndiyo maana nilikuwa naupiga kwa nguvu nyingi. Ulikuwa mrefu mno na juu mno. Mvua ilikuwa inamchuruzika mgongoni. Vipimo akavisema kwa sauti ili tusivisahau, njia nzima ya kurudi, tukisukuma.

Sikumshukuru. Sijui kwa nini. Niliona nikifungua mdomo nitaharibu.

19 Mei

Amekwenda mwenyewe Ibighi na karatasi ya vipimo. Mzee alinung'unika kwanza, halafu akavaa miwani, akasoma. Akamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mama." Basi.

Jumamosi, 24 Mei

Gia inashika. Nimekwenda Kisiba na kurudi mara mbili. Tusekile alisimama mlangoni mara zote mbili. Bado haipendi safari, ameniambia wazi. Amenishonea mkanda mnene wa turubai wa kufungia kifundo. Nilimshukuru leo, na kwa lile la wiki iliyopita. Akasema, "Nilikuwa nasubiri nione utachukua siku ngapi."

Jumamosi, 31 Mei

Mvua zimekatika. Ukungu tu asubuhi.

Jotham amekuja, kwa miguu, baada ya wiki sita za kutosalimiana. Alisimama uani, mikono nyuma.

"Imeanguka getini kwangu," alisema. "Siwezi kuiinua."

Nilikwenda. Hasira ilikuwepo, nilikwenda nayo. Ile nyekundu ilikuwa imelala kwenye tope, kioo kimoja kimevunjika. Nikamwonyesha: unaipa mgongo, unashika usukani kwa mkono mmoja na keria kwa mwingine, unaisukuma kwa mapaja, hatua fupifupi. Tukaisimamisha. Nguo zake zilikuwa na matope upande mmoja mpaka begani, nikajua haikuwa mara ya kwanza.

"Imeanguka mara ngapi?"

"Leo?" aliuliza.

Akakaa kwenye ngazi. "Shemeji aliniomba, ni kweli. Lakini nilikubali haraka mno, Ackson. Mimi nimeuza simu maisha yangu yote. Sijaendesha zaidi ya Mbeya, nayo ni lami. Nilitaka uwe nyuma yangu unaniambia, hapa fanya hivi, hapa fanya vile. Watu waone naendesha mimi."

Miezi mitatu nimejiona mzigo. Nilitaka kumpiga. Nikakaa naye kwenye ngazi, nikamwambia kwamba angesema hivi Machi tungekuwa na muda wa kujifunza, na kwamba mimi nami ningesema habari ya kuinua Machi. Mkewe akatuletea chai. Tukainywa tukiiangalia ile mashine, ambayo ni nzuri kweli, na si ya mtu yeyote kati yetu.

"Iuze," nikasema.

"Kwa wiki moja?"

"Basi njoo nayo. Lakini sikai nyuma."

Jumamosi, 7 Juni

Tumeondoka saa kumi na mbili na nusu. Tusekile alikagua mkanda, akakaza, hakutabasamu. Tumelala Laela. Jotham ananipita kwenye lami kila mara na kunisubiri mbele, anapiga picha. Mguu umevimba kidogo.

8 Juni

Sumbawanga. Upepo, vumbi. Muuza mafuta kauliza tunakwenda msiba wa nani. Jotham akataka kueleza safari nzima. Nikamwambia lipa twende.

Jumanne, 10 Juni

Lami iliisha. Njia ya maporomokoni ni vumbi na mawe yanayobingirika, inashuka vibaya. Nilipita mteremko wa kwanza kwa gia ya pili, nayo injini inashikilia vizuri, kisigino hakina kazi. Chini nikasimama, nikageuka.

Jotham alikuwa amesimama juu kileleni, miguu yote miwili chini, haji. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Kwa mbali nilianza kuyasikia maji. Ningeweza kuendelea, na kwa dakika moja nililitaka sana hilo, nifike peke yangu, yeye nimwache achague kushuka au kurudi.

Simu ikaita. Namwona kwa macho, ananipigia simu.

"Ackson," alisema. "Gia ya ngapi?"

Nikamwambia ya pili, aachie klachi yote, asiguse breki ya mbele. Akaichomeka simu ndani ya helmeti, nami nikabaki kwenye simu mpaka akafika.